Video za slaimu "bila kemikali" zimenichosha! Semeni mnachotia humo

Wazazi wenzangu, na hasa nyinyi mnaorekodi hizo video, nisomeni mpaka mwisho. Nimekaa siku tatu nikisubiri hasira ipoe, haijapoa.

Binti yangu ana miaka minane. Wiki nzima alikuwa akiniomba tutengeneze slaimu, ule ute wa kuchezea unaovutika na kukandika mkononi. Nikamwahidi Jumamosi, nikamwambia achague video mwenyewe. Akachagua iliyoandikwa kwa herufi kubwa: slaimu ya vitu viwili, bila gundi, bila boraksi (ule unga mweupe wa madini unaoshikisha slaimu), dakika tano. Vitu vyenyewe ni shampuu na dawa ya meno, halafu chumvi kidogo, halafu friza.

Tukatia, tukakoroga. Dakika tano zikapita, zikawa ishirini. Tulichokuwa nacho kwenye bakuli ni rojorojo lenye povu linalonukia mnanaa. Tukaliweka kwenye friza saa nzima. Likatoka limeganda kiasi, mtoto akalishika kwa furaha, na halikumaliza dakika mbili mkononi kabla ya kuyeyuka na kumchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akaanza kulia. Akaniuliza, "Mama, nimekosea wapi?"

Hapo ndipo moto uliponiwakia. Mtoto amefuata kila hatua, amepima, amekoroga mpaka mkono umemuuma, na sasa anaamini kosa ni lake. Nikairudia ile video polepole. Bakuli linaingia kwenye friza likiwa na kitu cheupe chenye mistari. Video inakatwa. Linapotoka, mle ndani mna slaimu ya buluu inayong'aa. Si rangi ile, si uzito ule, hata bakuli si lile! Mtu mzima amekaa, amepanga, amekata picha, ili kumdanganya mtoto wa miaka minane.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, na niliyoyasoma ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu, maana uongo wa shampuu ndio mdogo kuliko yote.

Gundi nyeupe ya shule ina polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi. Aghalabu ni polivinili asetati au polivinili alkoholi. Ndani ya gundi nyuzi hizo zinateleza zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana gundi inamiminika. Ukitia borati, yaani kemikali za familia ya boraksi, inashika uzi huu na uzi ule na kuzifunga pamoja, lakini ni fundo legevu, linafunguka na kujifunga tena. Kwa hiyo slaimu ukiivuta taratibu inanyooka, ukiivuta kwa ghafla inakatika, ukiiacha mezani inatandaa. Siri yote ni hiyo. Shampuu haina nyuzi za kufungwa namna hiyo. Ukitia chumvi kidogo shampuu nyingi huwa nzito, na ukizidisha zinarudi kuwa maji. Friza inagandisha tu, na kilichogandishwa kikikutana na joto la kiganja kinayeyuka. Dawa ya meno kazi yake hapo ni kuharibika bure.

Na ile ya wanga wa mahindi na maji? Tuliijaribu pia mchana huo huo, kwa sababu nilitaka mtoto alale akiwa na kitu. Ile ni nzuri, nasema kweli: ukiipiga ngumi inakuwa ngumu, ukiilegezea inatiririka, na binti yangu aliicheka sana. Lakini haivutiki, haikunjiki, na ukiiacha siku chache inavunda. Iiteni kwa jina lake, msimwahidi mtoto kitu kingine.

Sasa nije kwenye uongo mkubwa. Kuna video nyingi ambazo slaimu yake inashika kweli, na zimeandikwa "bila boraksi, bila kemikali, salama kabisa kwa watoto". Mnatumia gundi, bekingi soda kidogo, na maji ya kusafishia lenzi za machoni. Mimi navaa lenzi. Nikachukua chupa yangu, nikatia kijiko, viwili, vitatu, hakuna kitu. Nikamimina karibu nusu chupa. Gundi ikabaki gundi, nyepesi zaidi ya mwanzo. Nikageuza chupa kusoma maandishi madogo: haina borati. Nikachukua chupa ya aina nyingine niliyokuwa nayo. Kijiko kimoja cha chakula, na mbele ya macho yetu gundi ikaanza kujikusanya na kubanduka pembeni mwa bakuli. Nikageuza ile nayo. Asidi ya boriki. Sodiamu borati.

Sodiamu borati ni boraksi, ndugu zangu! Ni kitu kile kile, kimebadilishwa jina tu. Na ile bekingi soda hamkuitia kwa mapambo, inaondoa uasidi ili asidi ya boriki igeuke kuwa borati na kuanza kufunga nyuzi. Hivyo mnachofanya ni kutengeneza borati ndani ya bakuli huku mmeandika juu ya video kwamba hamna boraksi. Kipimo chake ni kidogo kuliko cha unga wa boraksi, sawa, na hilo ni jambo jema, lisemeni hivyo. Semeni "ina borati kidogo, tumia hivi". Kwa nini mseme haimo?

Nawauliza kwa sababu uongo huo una matokeo. Mtoto wa dada yangu, miaka kumi na moja, alifuata video nyingine iliyosema boraksi ni madini ya asili kwa hiyo haidhuru. Hakukuwa na kipimo. Aliambiwa "endelea kuongeza mpaka ishike". Akamwaga unga mkavu moja kwa moja kwenye gundi na kuukanda kwa mikono mitupu karibu saa nzima. Viganja vikawa vyekundu, vikakauka, ngozi ikaanza kubanduka katikati ya vidole. Ilichukua siku kadhaa kutulia. Ni kweli boraksi inachimbwa ardhini, Uturuki wana akiba kubwa kuliko nchi yoyote, lakini tangu lini kuchimbwa ardhini kukawa cheti cha usalama? Unga wake unawasha macho, unakera ngozi, na mtoto akimeza wa kutosha anatapika na kuharisha. Mwaka 2016 wizara ya afya ya Kanada iliwaonya wazazi waziwazi wasitumie asidi ya boriki kwenye slaimu za nyumbani. Umoja wa Ulaya unaiweka boraksi kwenye kundi la vitu vinavyoweza kudhuru uzazi, na kwa vitu vya kuchezea vinavyonata umeweka kikomo cha boroni (elementi iliyomo kwenye borati) inayoweza kutoka: miligramu 300 kwa kilo. Kiwanda kinawekewa kikomo kwa miligramu, nyinyi mnamwambia mtoto "mpaka ishike"!

Na "mpaka ishike" ni ushauri mbaya hata kwa slaimu yenyewe. Borati haifungi yote papo hapo. Ukikoroga kwanza inakuwa na mabonge na maji yanayoelea, inanata vidoleni, inaonekana imeharibika. Mtoto anaongeza. Anaongeza tena. Kumbe kilichokuwa kinahitajika ni kukanda dakika tatu au nne. Matokeo yake inakuwa ngumu kama mpira, inakatika vipande, na borati iliyobaki bila kazi ndiyo hiyo inayokaa kwenye ngozi ya mwanangu na mwanao.

Kwa wanaotaka kujua, iliyotushikia hatimaye ni hii. Gundi nyeupe mililita 120, nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, koroga vizuri mpaka isiwe na chembe. Rangi ukitaka, matone mawili. Kisha maji ya lenzi yenye asidi ya boriki na sodiamu borati, kijiko kimoja cha chakula, lakini usimwage chote kwa mpigo. Tia nusu, koroga, tia kidogo tena. Amimine mtu mzima, si mtoto. Ikianza kubanduka kwenye bakuli, acha kutia na uanze kukanda. Ukitaka iwe laini na nyepesi, changanya povu la kunyolea kwenye gundi kabla ya kutia maji ya lenzi. Vipovu vya hewa vinabaki ndani na slaimu inavimba. Gundi nyingine hazishiki hata ufanyeje kwa sababu hazina polima inayofungwa na borati, kwa hiyo soma kwanza. Na tafadhali sana, maji ya lenzi yenye peroksaidi ya hidrojeni msiyaguse kwa kazi hii. Hayafungi gundi, na yakirukia jichoni yanaunguza.

Mwanangu anacheza nusu saa, ananawa mikono kwa sabuni, slaimu inarudi kwenye kopo lenye mfuniko. Akiwa na mchubuko mkononi hachezi. Mdogo wake wa miaka miwili haikaribii kabisa, kwa sababu yeye kila kitu ni mdomoni. Ikibadilika harufu au ikionyesha ukungu, inakwenda kwenye taka, si kwenye sinki, maana itaziba bomba.

Je, yote hayo hayatoshi kwenye maelezo ya video? Ni mistari mitano. Mna nafasi ya kuandika "usiache kunifuata", mna nafasi ya mioyo na nyota, nafasi ya kuandika "mtu mzima apime borati" hamna?

Madai yangu yako wazi. Anayeonyesha slaimu ya shampuu aonyeshe bila kukata picha, kuanzia bakuli mpaka mkononi. Anayetumia maji ya lenzi aandike neno borati. Anayetumia unga wa boraksi aseme unayeyushwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chai kwa takriban mililita 240, na yale maji ndiyo yanayotiwa kidogokidogo kwenye gundi, asimwonyeshe mtoto akimwaga unga mkavu. Na aondoe hilo neno "bila kemikali". Gundi ni kemikali, maji ni kemikali, siki ni kemikali. Neno hilo halimfundishi mtoto chochote isipokuwa kuogopa jina na kuamini lebo.

Nimeziandikia akaunti nne. Mbili zimefuta maoni yangu. Moja imenijibu kwa kicheko. Ya nne imebadilisha maandishi, imeweka kipimo na onyo, na kwa hiyo nasema asante kutoka moyoni.

NYONGEZA: Kwa mliouliza kuhusu zulia na nywele: siki nyeupe. Asidi ya siki inafungua yale mafundo ya borati, slaimu inalegea na kurudi kuwa kitu cha majimaji. Kwenye zulia kwangua kwanza iliyo juu, mwagia siki, subiri dakika tano mpaka kumi, futa kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Jaribu pembeni kwanza kama rangi haitoki. Kwenye nywele changanya siki na maji nusu kwa nusu, funika macho ya mtoto kwa taulo, chana taratibu kuanzia nchani, kisha osha. Msikate nywele za mtoto.

NYONGEZA 2: Aliyeandika hapo chini kwamba nakuza mambo, ni mchezo tu wa watoto: njoo umwambie hivyo mtoto wa dada yangu ukiwa umemshika viganja.