Mbwa kameza gunzi la mahindi, daktari anataka kumpasua utumbo. Nifanyeje?

Baba Pendo, Kasarani
Hamjambo jamani. Mbwa wangu alifakamia gunzi la mahindi choma watoto walilotupa uani. Tangu juzi hakikai kitu tumboni, hata maji anayatapika. Daktari kampapasa, kampima kwa altrasaundi, anasema limekwama kwenye utumbo mwembamba na apasuliwe leo leo. Sh45,000! Mama watoto anasema nimnyweshe mafuta ya kupikia liteleze. Jirani naye anaapa mbwa akichanwa utumbo haponi.

Fundi wa Paka
Nafanya kazi kliniki ya wanyama. Mafuta usimpe kabisa. Anayetapika huyavuta mapafuni ukawa na ugonjwa wa pili. Gunzi halisagiki tumboni. Linapobana, ukuta wa utumbo hukosa damu, hufa, hutoboka, na uchafu ukimwagika tumboni hapo ndipo jirani yako atakuwa na haki.

Upasuaji wenyewe si wa kubahatisha. Daktari hakati juu ya gunzi pale palipovimba. Hukata mbele yake kidogo, penye nyama nzima, kwenye ukingo ulio mbali na mishipa ya damu, kisha analisukuma taratibu litokee hapo. Anashona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, anaingiza maji ya chumvi kwa sindano aone kama panavuja. Ila akikuta utumbo umeshakuwa mweusi, atakata kipande kizima na kuunganisha ncha. Muulize sasa hivi kama bei yake imehesabu hilo.

Mama Kevo
Wangu alimeza soksi, akapasuliwa, leo anabweka mpaka majirani wananinunia. Kuhusu pesa, omba kulipa kidogo kidogo. Ukikwama, pigia kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, au KSPCA, shirika la kutetea wanyama lililoko Karen, uulize bei zao. Lakini usizunguke mji mzima na mbwa anayekufa, baba.

Baba Pendo, Kasarani
Asanteni. Daktari amekubali nusu leo, nusu mwisho wa mwezi. Mbwa ameshatundikiwa dripu, anaingia kupasuliwa saa tisa. Akirudi nyumbani nimlishe nini?

Fundi wa Paka
Kuku wa kuchemsha asiye na mfupa na wali laini, vijiko vichache mara nyingi kwa siku. Mifupa marufuku. Koni ya shingoni, ile ya kumzuia kulamba mshono, isitoke mpaka nyuzi za nje zitolewe, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Vidonge vyenu vya maumivu usimpe hata robo, vingine ni sumu kwa mbwa.

Siku za kuogopa ni ya 3 hadi ya 5, ndipo mshono wa ndani huweza kuachia. Akianza kutapika upya, akikataa chakula, akizubaa au tumbo likimuuma ukiligusa, mrudishe usiku huohuo.