Naombeni ushauri: kapcha kadi, rekoda ya nje au memori kadi kwa video za kitambaa cha kijani?

Mwl_Kamera: Wakuu, habari za jioni. Narekodi masomo ya hesabu. Mwalimu anasimama mbele ya kitambaa cha kijani, ubao tunauweka nyuma yake wakati wa kuhariri. Nikishaondoa kijani, kingo za mabega na vidole zinabaki na chenga kama ngazi, na nywele zinaliwa. Kamera ni Sony a6400. Njia ipi itanipa picha safi: kapcha kadi (kifaa kinachoingiza picha ya kamera kwenye kompyuta), rekoda ya nje (kifaa cha pembeni kinachorekodi kupitia HDMI) au memori kadi ya kamera yenyewe? Nina muda hadi Ijumaa tu.

Taa_Kwanza: Mkuu, anza na taa. Mwalimu asogee mbele mita 2 kutoka kwenye kitambaa. Kitambaa kipate taa zake mbili, moja kila upande, na mwalimu apate za kwake. Washa zebra ya kamera (mistari inayoonyesha sehemu zenye kiwango cha mwanga ulichochagua), iweke kwenye 50. Mistari ikitokea kitambaa kizima kwa wakati mmoja, mwanga umelingana. Ikitokea katikati tu, pembeni kuna giza. Shata (muda kila fremu inapopokea mwanga) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, maana umeme wetu ni hezi 50 na ukiweka 1/60 baadhi ya taa zitachezacheza. Watu wanakimbilia vifaa wakati kitambaa chenyewe kina makunyanzi. Kipigeni pasi!

Mwl_Kamera: Asante mkuu, ila taa ziko sawa. Nimeuliza njia ya kurekodi.

Mama_Edita: Umetaja njia tatu, hujasema sasa hivi unatumia ipi.

Mwl_Kamera: Kapcha kadi ndogo ya USB, ya bei nafuu. Inaingia OBS (programu ya kurekodi kwenye kompyuta) kwa 1080, fremu 60 kwa sekunde, mfumo wa YUY2, yaani haijabanwa kabisa. Ndiyo maana nashangaa.

Babu_Pikseli: Tatizo la kijani ni rangi, si mwanga. Programu inatafuta mpaka kwa kufuata rangi, na mifumo mingi inahifadhi rangi chache kuliko mwanga. Kwenye mfumo unaoitwa 4:2:0, kwa video ya 1080, mwanga una pikseli 1920 kwa 1080 lakini rangi ni 960 kwa 540, yaani pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwenye 4:2:2, kama hiyo YUY2, pikseli mbili tu ndizo zinagawana rangi moja. Hizo ngazi begani ni huko kugawana. Angalia pia OBS yenyewe: kwenye Advanced, Color Format ya kawaida ni NV12, na hiyo ni 4:2:0. Hata kadi ikileta 4:2:2, faili linatoka na robo ya rangi.

Hesabu_Tupu: Samahani wakuu, mimi uzi huu siuamini. Pikseli 1920 × 1080 × baiti 2 kwa kila pikseli × fremu 60 ni karibu MB 249 kwa sekunde. Kadi ndogo za bei hiyo nyingi ni USB 2.0, na USB 2.0 ni megabiti 480, yaani MB 60 hata kabla ya hasara yoyote. Anachosema hakiwezekani. Ama kadi hiyo hana, ama tunaandaliwa tangazo la rekoda. Na hiyo Ijumaa ni ya nini?

Mwl_Kamera: Sijatunga kitu. Kasha limeandikwa USB 3.0 na plastiki ya ndani ya plagi ni ya bluu. Kuhusu Ijumaa, nimeshatanguliza nusu ya bei ya rekoda ya nje, siku hiyo ndiyo namalizia. Sikusema kwa sababu nilijua mtanizuia.

Mama_Edita: Hilo ungelisema mwanzo, mdogo wangu. Chungulia ndani ya plagi kwa tochi ya simu. USB 3.0 ina vipande tisa vya shaba: vinne vipana mbele na vitano vidogo nyuma yake. Rangi ya plastiki haithibitishi kitu. Kisha fungua sifa za kadi kwenye OBS usome Video Format.

Mwl_Kamera: Vinne tu. Na OBS imeandika MJPEG. YUY2 ipo kwenye orodha, ila nikiichagua kwa 1080 fremu zinashuka, picha inakwama.

Babu_Pikseli: Basi tumempata mchawi. MJPEG inaibana kila fremu kama picha ya JPEG, kwa vibox vya pikseli 8 kwa 8. Kwenye mpaka wa bega na kijani vinaacha madoa, na programu inayasoma kama mwili. Hesabu_Tupu, alidanganywa na kasha.

Hesabu_Tupu: Nimekubali, mkuu niwie radhi.

Mama_Edita: Kabla ya Ijumaa, jaribu memori kadi. Weka XAVC S 4K (mfumo wa Sony wa kurekodi), 25p 100M, yaani fremu 25 na megabiti 100 kwa sekunde, kwa kadi ya U3 (alama ya kadi yenye kasi). Rangi ya 4K ya 4:2:0 ni 1920 kwa 1080. Ukiipunguza picha hadi 1080 *kwanza*, ndipo uondoe kijani, kila pikseli inakuwa na rangi yake. Saa moja inakula kama GB 45. Kwenye Creative Style shusha Sharpness hadi -3, maana kunolewa huchora mstari pembeni ya mtu. S-Log (picha iliyofifishwa ili irekebishwe baadaye) usiiguse, biti 8 za rangi za kamera hii hazitoshi.

Mwl_Kamera: Nimejaribu usiku huu. Vidole vimetoka safi, nywele zimebaki. Lakini rekoda inarekodi biti 10, na skrini yake inamsaidia mwalimu kujiona. Nusu ya pesa imeshakwenda.

Babu_Pikseli: HDMI ya a6400 inatoa biti 8, 4:2:2. Maji ya lita nane hayawi kumi kwa kumiminwa kwenye ndoo ya lita kumi. Kwa kijani hupati zaidi ya ulichokiona leo.

Taa_Kwanza: Huenda duka likakubali ugeuze hiyo nusu kuwa taa mbili. Uliza.

Mwl_Kamera: Nitauliza. Wakikataa, naichukua.

Mama_Edita: Ukiichukua, zima HDMI Info. Display, la sivyo maandishi ya kamera yanaingia kwenye video. ProRes 422 (mfumo wa kurekodi wa rekoda) ya 1080 25p ni kama GB 55 kwa saa, toleo lake la ubora zaidi, HQ, karibu 83. Na hiyo micro HDMI ni tundu dhaifu: funga waya kwenye fremu ya chuma ya kamera, usiuache ukining'inia.