Waandaaji wa mbio za gokati Tabora, gavana mliiandika kwenye kanuni ya nini kama hamuikagui?

Wakuu salaam. Mods naomba uzi huu msiuhamishie kule kwenye michezo ukafie huko, maana siku si nyingi mtoto wa mtu ataumia.

Niende moja kwa moja. Tumetoka Kigoma na gokati yetu, kile kigari kidogo cha mbio, kwa treni, mzigo tumelipia, kiingilio tumelipia, mpwa wangu kapigwa na jua la Tabora kwenye foleni ya ukaguzi na helmeti kichwani. Halafu tunaingia uwanjani tunakuta mwenzetu kachezea gavana, kile kifaa kinachozuia injini isizidishe mzunguko, na nyie mmesimama pembeni mnapiga makofi.

Kwa wasiozijua mbio hizi: ni zile injini ndogo za petroli za kwenye pampu za maji na vimashine vya kukoboa. Wengi wetu tuna za Kichina zilizoigwa kutoka Honda GX200, silinda moja, cc 196, farasi 6.5 kwa mujibu wa stika. Karatasi ya kanuni ninayo hapa mezani. Injini ibaki ya dukani, gavana isiguswe, mzunguko usizidi 3,600 kwa dakika, spoketi meno 10 mbele na 60 nyuma kwa kila mtu. Sina ugomvi na hata mstari mmoja. Kanuni hizo ndizo zinamfanya fundi wa Mwanga kule kwetu Kigoma mwenye spana za mtumba aweze kushindana na mtoto wa tajiri.

Na ndani ya kanuni hizo kazi ya halali ipo tele. Tapeti, yaani nafasi ya valvu, unaseti injini ikiwa baridi, milimita 0.15 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa kutoa moshi. Kabureta unaiosha mpaka vitundu vyake vyote vinaona mwanga. Klachi unaangalia inaanza kushika wapi, cheni isikaze, upepo wa tairi usipishane. Kuna na suala la mwinuko, ambalo nadhani nusu ya mliokuwepo hamkulifikiria. Ziwa letu Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora ni kama 1,200. Honda wenyewe kwenye kitabu cha mmiliki wanasema injini hizi hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu, kutoka kwetu hadi kwenu ni kama asilimia 5 imeondoka, na petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, plagi inatoka nyeusi tii. Nililijua hilo, nikabeba mfukoni jeti ndogo, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, nikaibadilisha pale pale chini ya mwembe, plagi ikarudi kahawia. Jeti kanuni inaruhusu. Huo ndio ufundi.

Sasa njoo kwenye ukaguzi wenu.

Mkaguzi alikuja na takometa, kipimo cha mzunguko wa injini, ile ya kuzungushia waya wa plagi. Akafunga kwetu, mpwa wangu akakanyaga mafuta mpaka mwisho, kioo kikasoma 7,200. Jamaa akatutolea macho. Nikamwambia, "Kaka, injini hii inapiga cheche kila mzunguko, hicho kipimo chako umekiacha kwenye seti ya cheche moja kwa mizunguko miwili. Kibadilishe, kitasoma nusu." Hakujua kitufe kiko wapi. Injini ya pampu ya maji izunguke 7,200 ikiwa imetulia vile bila hata kutetemeka! Akakitia kipimo mfukoni, na gokati zote zilizotufuata akazikagua kwa sikio. Kwa sikio, wakuu. Mtu ambaye dakika moja nyuma alikuwa hajui injini ya 3,600 inaliaje.

Ile ya njano iliyoshinda ilikuwa nafasi mbili baada yetu. Niliinama kufunga kamba ya kiatu, jicho likaenda lenyewe chini ya tenki. Mkono wa gavana umefungwa kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko mitatu, umevutwa upande wa kabureta ili isijifunge kabisa. Hata kuuficha hawakujisumbua. Nikamwita mkaguzi aone. Mwenye gokati akawahi: "Shikamoo mzee, huo waya wa kushikilia bomba la mafuta tu." Bomba la mafuta liko upande mwingine kabisa! Mkaguzi akacheka, akabandika stika ya kupita.

Haya, mtasema ni maneno yangu. Twende kwenye hesabu, zenyewe hazina Ukigoma wala Utabora. Meno 10 kwa 60 maana yake injini ikizunguka mara 6, ekseli inazunguka mara 1. Kwenye 3,600 ekseli ni 600 kwa dakika. Tairi zetu zina kipenyo cha sentimita 28, mzingo kama 88. Hapo unapata mita 528 kwa dakika, yaani kama kilomita 32 kwa saa, basi. Mpe na huruma ya mizunguko 4,000, bado ni 35. Nyie wenyewe mliweka mapipa mawili kwenye sehemu iliyonyooka, mita 100 kati yake. Video ninayo: gokati ya njano inapita pipa la kwanza hadi la pili kwa sekunde 8. Hiyo ni kilomita 45 kwa saa. Kwa spoketi ile na tairi ile, injini inazunguka zaidi ya 5,100. Yetu inachukua sekunde 11 na ushee, na ndivyo inavyotakiwa.

Nilipomfuata mwandaaji mmoja akanijibu eti "Tabora hewa nyepesi mkuu, vijana wamefidia kidogo." Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Hewa nyepesi inakupunguzia nguvu, haihusiani na kikomo cha mzunguko. Gavana ni gia ya plastiki ndani ya injini yenye vijiwe viwili, injini ikikimbia vijiwe vinatanuka, vinasukuma, kabureta inajifunga, springi ndiyo inayobishana navyo. Haijui upo Tabora wala Kibirizi ufukweni. Dawa ya mwinuko ni jeti. Waya wa nondo ni wizi.

Na wizi wenyewe ni wa hatari. Konrodi ya injini hizi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, ni aluminiamu ya kumimina, haina hata beringi, na hakuna pampu ya oili, ni kijiko tu kinachochota oili lita 0.6 na kurusha. Ikikatika inatoboa bloku. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ni chuma cha kumimina, imefunikwa kwa bati ambalo mimi nalikunja kwa mkono. Kule Marekani wanaotoa gavana huweka kwanza konrodi na flaiwili nyingine zilizotengenezwa kuhimili mwendo huo. Hapa mmeacha za dukani, na flaiwili hiyo inazunguka nyuma ya ubavu wa kijana wa miaka 14, watazamaji wako hatua chache nyuma ya kamba ya katani.

Mnaojiandaa kuandika "analia kwa sababu kashindwa", ndiyo, tulikuwa wa nne. Siwashtaki wote watatu waliotutangulia, namtaja mmoja tu mwenye waya.

Kiingilio sikidai. Nataka ile injini ya njano ifunguliwe mbele ya watu kabla hamjatoa tarehe ya mbio nyingine. Kifuniko cha pembeni kina bolti sita, spana namba 12, nusu saa tumeshaona kama ile gia na vijiwe vyake bado vimo. Gasketi mpya nitakuja nayo mwenyewe.