MREJESHO: Ndege wa majira ya baridi kwenye korongo la Madera, Arizona

Wakuu, salaam. Juzi kati niliuliza namna ya kuwaona ndege wa Januari kwenye korongo la Madera, kusini mwa Tucson, maana nilikuwa nasikia milio tu vichakani. Asanteni sana nyote mlionijibu.

Uliozaa matunda zaidi ni ushauri wa dada aliyesema nisiwahi alfajiri, nisubiri jua lifike chini korongoni. Kweli kabisa. Jua likishagusa mialoni, wadudu wanaamka na ndege wanachangamka. Na mkuu uliyesema nimfuate titmouse, yule ndege mdogo mwenye kishungi na mistari myeusi usoni, Mungu akubariki: kundi lake huandamana na ndege wa aina nyingine. Nilisimama tu, wakanizunguka. Junco, ndege wadogo jamii ya shomoro, walikuwa chini wanachakura majani makavu. Wakiruka, kingo za mkia zinaonekana nyeupe pe! Kilichonifurahisha kuliko vyote ni gong'ota aliyekuwa anashindilia tunda la mwaloni kwenye tundu la shina, akiligeuzageuza mpaka likae sawasawa.

Kuwaita kwa mdomo, "pshh pshh", kwangu hakukusaidia. Trogoni, yule ndege wa rangi kali, naye sikumpata. Wengi wao huwa wameshashuka Mexico kipindi hiki, hivyo nitarudi Mei.

Atakayekwenda avae koti zito. Watu husikia Arizona wakafikiria jangwa la joto, kumbe pale ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.