Maktaba ya halmashauri yetu inafanya kazi siku ya mgeni rasmi tu

Wakuu, salaam kwenu.

Hili nimelinyamazia muda mrefu nikijipa moyo kwamba wahusika wanalishughulikia. Leo nimechoka. Kuna watakaosema natia chumvi, lakini mambo yenyewe yameshakolea, sina cha kuongeza.

Mji siutaji. Wa hapa mtaujua, na wa kwingine msishangae mkiona kama nawasema ninyi.

Tuna maktaba ya umma iliyo chini ya halmashauri. Kwa nje huna la kulaumu: bati jipya, rangi inapakwa kila mwaka, uzio wa maana. Mlangoni kuna ubao mkubwa umeandika huduma zote. Kuazima vitabu. Sehemu ya watoto. Mafunzo ya kompyuta kwa vijana. Kisomo kwa watu wazima. Saa ya hadithi kwa watoto, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Ukiusoma ule ubao unaweza kuhamia mtaa huu kwa sababu yake.

Sasa ngojeni. Jumamosi maktaba haifunguliwi.

Sitanii. Ubao wa huduma uko kushoto kwa mlango, karatasi ya saa za kazi iko kulia: Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Aliyebandika karatasi ile lazima aliuona ubao. Kabandika, kaenda zake.

Hebu tuhesabu hizo saa ni za nani. Mtoto wa shule ya msingi yuko darasani, akitoka kuna masomo ya ziada, akimaliza geti limefungwa. Mimi niko dukani nauza misumari na rangi hadi jioni. Mwalimu yuko shuleni. Bodaboda yuko barabarani. Wanabaki vijana waliomaliza chuo wanaosubiri ajira, ambao wanakuja na madaftari yao wenyewe kwa sababu ya kiti na kivuli. Na ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na geti la maktaba, kuna kibanda cha kubeti. Kile kiko wazi mpaka usiku wa manane, taa zinawaka, feni inazunguka, na hakuna anayeulizwa barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Maana kadi ya maktaba inataka barua. Inataka na picha mbili, na ada, na mdhamini ambaye ni mtumishi wa umma. Jirani yangu ni mama lishe. Mtumishi wa umma anayemfahamu ni yule afisa anayekuja kumdai ushuru. Ndiye akamwombe amdhamini? Barua ya mtaa nayo bure yake mnaijua, lazima utoe hela ya wino. Ukishavuka hayo yote unakwenda kulipa ada, unaambiwa subiri kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, mfumo uko chini. Rudi kesho. Kesho mfumo umepanda, aliyeshika mfumo yuko semina.

Kuna kitu kinaitwa Tamko la Maktaba za Umma, la UNESCO na shirika la kimataifa la maktaba, IFLA. La kwanza ni la 1949, na limehuishwa mara kadhaa, mara ya mwisho 2022. Linasema huduma za maktaba ya umma kimsingi ziwe bure, na ziwe za wote bila kujali umri wala hali ya mtu. Najua tamko si sheria, msianze. Ila hapa kwetu hata kuingia tu na kukaa usome gazeti kuna siku unadaiwa, kuna siku hudaiwi, inategemea nani yuko kaunta. Hiyo imeandikwa wapi?

Sasa nije kwenye kilichonileta.

Nenda pale tarehe 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani. Au 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Au 8 Septemba, siku ya kisomo inayoadhimishwa duniani tangu 1967. Siku hizo geti liko wazi tangu saa moja asubuhi. Mahema yamefungwa usiku, spika zinanguruma, kuna fulana, kuna soda, kuna keki yenye umbo la kitabu. Watoto wanaletwa kwa basi kutoka shule ya binafsi yenye sare za kupendeza, ambayo ina maktaba yake. Wale wa shule ya msingi iliyopakana na maktaba, ukuta kwa ukuta, wanachungulia uzioni. Hawakualikwa. Nadhani sare zao zingeharibu picha.

Chumba cha kompyuta kinafunguliwa, nailoni zinavuliwa, mashine zinawashwa. Maboksi ya vitabu vya msaada yanatolewa stoo, vitabu vinapangwa rafu ya mbele, vimepangwa kwa rangi, jamani, kwa rangi! Analetwa bibi mmoja msimulizi wa hadithi, na hapa naomba nimtendee haki: yule bibi anajua. "Paukwa" yake moja tu, watoto wametulia tuli. Anabadili sauti, anaimba, anawaitikisha, sungura wake ana kiherehere mpaka watu wazima wanacheka. Mwanangu wa darasa la nne, ambaye ukimwambia ashike kitabu anaumwa tumbo, alitoka pale ananiuliza kama hadithi ile imeandikwa mahali.

Ndiyo maana nina hasira. Ingekuwa haiwezekani ningekaa kimya. Kumbe inawezekana, vitu vyote vipo, na wanajua jinsi ya kuvifanya. Wanavifanya mgeni rasmi akija.

Na mgeni rasmi mwenyewe mwaka huu alikuja amechelewa sana, watoto wameshachoka na jua. Akasoma hotuba. Katikati akatoa ule utani mkongwe, kwamba ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke kwenye maandishi. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati la vitabu vya rejea lenye kufuli, ambalo kwa kauli ya waliopo, ufunguo wake unakaa kwa mtu wa ofisi nyingine. Mheshimiwa, hapo nani kamficha nani kitu?

Kesho yake nilipita makusudi. Nailoni zimerudi kwenye kompyuta. Maboksi yamefungwa tena. Nikauliza vile vitabu vya watoto vinaazimwa kuanzia lini, nikajibiwa bado havijagongwa muhuri wala kuingizwa kwenye leja. Hiyo ilikuwa Aprili. Muhuri bado unatafutwa.

Kuhusu zile kompyuta. Mdogo wangu anarudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hana shule, hana mwalimu, anajisomea. Mtu kama huyo ndiye hasa maktaba ilijengwa kwa ajili yake. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, kazi ni kuvifungua na kusoma. Kinachotakiwa ni kompyuta, umeme na intaneti. Kompyuta zipo, tena za msaada, halmashauri haikutoa hata senti. Intaneti nimeambiwa imelipiwa, ila nywila anayo mhasibu. Umeme ni LUKU, na yuniti zikiisha hakuna wa kuzinunua mpaka dokezo lipite ofisi sijui ngapi. Dogo anasoma kwa bando la simu yenye kioo kilichopasuka, anavuta kurasa kwa vidole viwili. Baadaye tukae vikao kujadili matokeo mabaya ya mkoa.

Sehemu ya watoto sasa ni stoo ya viti vya plastiki. Ukumbi mkubwa unakodishwa kwa semina na vikao, na siku ya semina wasomaji mnaombwa mpishe. Choo sikizungumzii.

Kisomo. Hili nalo lazima niliseme, japo najua vijana mtaona ni la wazee. Katika nchi hii Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miembe, mashambani, viwandani. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa zaidi ya nusu miaka ya sitini, na kufikia katikati ya miaka ya themanini wakawa wamebaki kama asilimia 10 hivi. Bodi ya Huduma za Maktaba ilikuwa imeshaundwa kwa sheria ya 1963, ikaandikiwa sheria mpya 1975, na Maktaba Kuu pale Dar es Salaam, barabara ya Bibi Titi, ilifunguliwa na Mwalimu mwenyewe 1967, siku ya Uhuru. Watu wale hawakuwa na fedha. Walijua kwamba ukimfundisha mtu mzima kusoma halafu usimpe cha kusoma, anasahau, ndiyo maana maktaba zikapelekwa hadi vijijini.

Yule jirani yangu mama lishe aliuona ule ubao, maana yake aliomba asomewe. Akaenda kuulizia kisomo. Ana zaidi ya miaka arobaini, kuuliza tu kulimgharimu. Akaambiwa darasa litaanza wakifika watu ishirini, aandike jina. Nadhani mmeshaona walipomweka: mtu amekuja kwa sababu hajui kuandika, anapewa karatasi na kalamu mbele ya watu. Hakurudi, na ukimtajia maktaba sasa hivi anabadilisha mazungumzo.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwamba siku hizi watu wanasoma kwenye simu, maktaba zimepitwa. Njoo hapa kwetu mwezi wa kumi, mitihani ya kidato cha nne ikikaribia. Viti vinajaa saa tatu asubuhi. Vijana wanakaa ngazini, wanakaa chini ya mti kwenye maegesho, wanagawana kitabu kimoja watu wanne, mmoja anasoma kwa sauti. Hao hawapendi kusoma? Saa tisa na nusu wanafukuzwa kama kuku, jua bado kali, mlinzi anatikisa funguo.

NYONGEZA baada ya kusoma maoni yenu:

Wanaonishambulia kwamba nawaonea wakutubi, someni vizuri. Dada wa kaunta sijamgusa. Yuko peke yake, anajitolea, analipwa posho ikipatikana, na ndiye pia anafagia. Mara mbili tatu kaniazimisha kitabu kwa jina lake ili mwanangu asome. Chuo cha ukutubi kiko Bagamoyo miaka yote, vijana wanasomea kazi hii kabisa, na hapa kwetu hatuna hata mmoja aliyeajiriwa kwa fani hiyo. Mkuu wa maktaba ameletwa kutoka idara nyingine, na kwa tunavyosikia alihamishiwa hapo kama adhabu. Mtu aliyeadhibiwa kwa kupelekwa kwenye vitabu utamlaumu kwa kuvifungia?

Aliyesema nimtaje mkurugenzi: hapana. Leo yupo huyu, kesho atahamishwa, na ubao utabaki ukutani.

Aliyeuliza kama hii ni maktaba ya Bodi: si yao, nimesema juu kwamba ni ya halmashauri, msiwarushie wengine mawe.

Aliyesema nianzishe maktaba yangu nyumbani, asante kwa ushauri. Kodi nimeshalipa.

Ninachotaka si kikubwa, na wala hakihitaji mfadhili. Jumamosi ifunguliwe, hata nusu siku, na kama hakuna mtu wa kukaa, Jumatatu asubuhi ifungwe badala yake. Siku za kazi wafungue saa nne wafunge saa kumi na mbili. Mdhamini wa mtoto awe mzazi wake au mwalimu, basi. Vitabu vya maboksi vigongwe muhuri. Nipeni muhuri mimi, nitakuja na wanangu tuvigonge vyote jioni moja. Na watoto wa ile shule ya jirani watobolewe mlango kwenye ukuta, fundi ninaye.

Nimeandika barua ya kuomba bajeti na matumizi ya maktaba kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ina siku 30 za kunijibu. Nakala yenye muhuri wa masijala ninayo, na huo muhuri, mjue, ulipatikana papo hapo. Diwani wa kata nimemwomba aliulize kwenye kikao cha baraza la madiwani, kaniambia atalipeleka. Tutaona.

Wakati nasubiri, mwenye kabrasha la bajeti ya halmashauri ya mwaka huu wa fedha aniwekee hapa ukurasa wa maktaba. Ukurasa wa maadhimisho nao, nataka niiweke hiyo miwili bega kwa bega.