Mtoto anakataa kuwa pembetatu iliyogeuzwa ni pembetatu. Nifanyeje?

BabaMmoja:
Wazazi wenzangu, habari za jioni. Nina binti wa miaka 3 na miezi 4. Shangazi yake alimletea mfuko wa vipande vya mbao vya maumbo, vile bapa vya rangi 6: pembesita za njano, trapeza nyekundu, rombasi za bluu, pembetatu za kijani, miraba ya rangi ya chungwa, na vile vyembamba vya rangi ya mbao ambavyo yeye anaviita "samaki wenye njaa". Wiki ya kwanza halali mpaka avishike.

Sasa nikirudi kazini nakaa naye sakafuni, nainua kipande kimoja kimoja: "Hii ni nini?" Akipatia, napiga makofi. Pembetatu anaijua vizuri ikikaa kama paa la nyumba. Juzi nikaigeuza, ncha ikatazama chini. Akasema si pembetatu. Ni nini basi? "Imeanguka." Nikaisimamisha, ikawa pembetatu. Nikaigeuza, imeanguka. Tumebishana hivyo mara tano, mimi mtu mzima na akili zangu. Mraba nao nikiusimamisha kwa kona anasema ni kishada. Jana nilipofungua tu mfuko akainuka, akaenda zake kuchezea vifuniko vya sufuria.

Je, kuna kitu haoni sawasawa? Au nimemwanzishia mapema? Mama yake anasema tatizo ni mimi, lakini hilo husema kwa kila jambo.

MwalimuWaAwali:
Baba, mtoto wako mzima kabisa. Umri huo hahesabu pande wala pembe. Umbo analitambua kwa sura yake nzima, kama anavyotambua uso wako. Walimu wawili wa hisabati wa Uholanzi, mke na mume, Dina na Pierre van Hiele, walilieleza hilo mwaka 1957: hatua ya kwanza ya kujua maumbo ni ya macho tu, sifa zake huja baadaye. Sasa fikiria: vitabu vya watoto karibu vyote vinachora pembetatu ikiwa imekaa kitako. Paa likipinduka, kwake hilo si paa tena.

Na mfuko wako unazidisha. Pembetatu zote humo ni za kijani na zote zina pande sawa. Kata moja ya kadibodi, ndefu na nyembamba, rangi yoyote ile, umwonyeshe. Huenda akaikana hiyo pia. Usibishane naye. Mwachie aizungushe mwenyewe mezani, polepole, nawe umwulize ilianguka saa ngapi.

Ila kilichomkimbiza kwenye vifuniko ni mtihani wako wa kila jioni. Wewe jibu unalijua, na yeye anajua kuwa unalijua, sasa mchezo uko wapi? Kaa chini ujenge cha kwako, kimya, kama hayupo. Atakuja. Akija, ficha pembesita zote isipokuwa moja, umwambie unataka nyingine kama hiyo lakini za njano zimekwisha. Nyekundu 2 zinaifunika, bluu 3 zinaifunika, kijani 6 zinaifunika. Usimwambie! Darasani kwangu kuna mtoto aliyefika kijani ya tano, akaniangalia kana kwamba nimeiba ya sita. (Kwa kweli nilikuwa nimeikalia.) Siku hiyo miraba na hao samaki wenye njaa waweke pembeni, maana hata uwapange vipi hawaijazi ile ya njano, utamvunja moyo bure.

MamaPacha:
Namuunga mkono mwalimu, ila sikubali kwamba tuwe mabubu. Maneno lazima ayasikie. Mimi siulizi "hii ni nini", naomba: "Nipe pembetatu nyingine, ukuta wangu una pengo hapa." Akinipa mraba, naujaribu kwenye pengo, unakataa, tunacheka, anatafuta kipande kingine. Kipande ndicho kinachomsahihisha, si mimi.

FundiMstaafu:
Mimi ni seremala, ualimu siujui. Friedrich Froebel, yule Mjerumani aliyeanzisha chekechea yake ya kwanza mwaka 1837, alikuwa na kitu alichokiita zawadi ya tatu: mchemraba wa mbao uliokatwa vipande 8 vilivyo sawa, ndani ya kisanduku chake. Mikato mitatu tu ya msumeno, kazi imekwisha. Nimewatengenezea wajukuu. Wanachokipenda kuliko kujenga ni kuvirudisha kisandukuni mpaka kifuniko kifunge. Kingine: kama nyumbani kuna mdogo wake anayetambaa, chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni kiwekwe juu, kisije kikamkaba. Pembetatu hizo za kijani huwa zinapita.

BabaMmoja:
Narudi baada ya siku nne. Siku ya kwanza nilijenga peke yangu kama mwehu, hakuna aliyekuja. Ya pili akaja kubomoa. Jana nikaficha za njano. Alianza na nyekundu moja, upande wa pili akaweka bluu, ikabaki nafasi ya kijani moja. Akaikosa mara tatu, kisha akaizungusha ncha ikatazama chini, ikaingia tii. Hakusema neno, akaenda kumwita mama yake.

Nilitaka kushangilia, nikajizuia. Baadaye yeye ndiye akainua ile kijani, akaipindua, akaniuliza, "Hii ni nini?" Nikasema pembetatu.

"Hapana, baba. Imelala."

Mama yake amesoma uzi huu wote. Aya ya tatu ya mwalimu amenisomea kwa sauti, mara mbili.