Tupeane uzoefu: siku mtoto alipokuponyoka

Mama wa Fuoni: Asalaam alaykum. Jana nimemkuta mwanangu wa mwaka na nusu kichwa kimo ndani ya ndoo ya kufulia, miguu inatapatapa juu. Maji hayafiki hata nusu ndoo. Mzima, alhamdulillah, lakini mpaka sasa mikono inanitetema. Nyinyi yamekukuteni yepi?

Binti Wete: Pole dada. Kichwa cha mtoto wa umri huo kizito, akishainama hawezi kujirudisha. Mie ndoo zote nazipindua.

Mkoani: Wangu ni chetezo. Nafukiza nguo Ijumaa, nimegeuka kuchukua udi tu, kashika kaa. Mama mkwe akampaka dawa ya meno.

Binti Wete: Dawa ya meno hapana! Maji ya mfereji yamwagikie dakika 20, ndio mwende hospitali.

Umm Ali: Mie ya kwangu ndefu, nivumilieni. Mnaukumbuka ule umeme uliokatika Unguja nzima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Kila nyumba mafuta ya taa. Sisi yetu tulitia kwenye chupa ya maji ya kunywa, tukaiweka chini ya meza. Ali ana miaka miwili, katoka uani na kiu. Nimesikia anakohoa, kumnusa, mafuta. Shangazi kamtia kidole atapike, mie natia maziwa kinywani, sote tunapiga kelele. Njiani akaanza kuhema mbio, midomo inabadilika rangi. Daktari suali lake la mwanzo: "Mmemtapisha?" Nikanyamaza. Akanambia mafuta ya taa yanadhuru zaidi yakiingia mapafuni, na mtoto akitapika yanapita tena kwenye koo lile lile. Usiku mbili nimekaa nahesabu pumzi zake. Leo Ali ana ndevu, na mie chupa ya maji nikiiona chini ya meza natetemeka.

Mzee wa Chake: Sisi tumelelewa kwa kutapishwa na maziwa hayo hayo na tukapona.

Umm Ali: Baba, shikamoo, lakini nimekwambia alivyosema daktari.

Mkoani: Mtoto wa jirani yetu alitapishwa hivyo hivyo, Mzee. Tulimzika.

Mzee wa Chake: Inna lillahi. Nimefahamu.

Kijana Amani: Na njiani je? Kila asubuhi naona baba kwenye vespa, mtoto kasimama mbele, mama kakaa upande nyuma na mtoto mchanga mkononi.

Mama wa Fuoni: Gari hatuna, kaka. Unataka tufanye nini?

Kijana Amani: Daladala, dada.

Binti Wete: Mfunge kifuani kwa kanga.

Umm Ali: Kanga hiyo ncha ikiingia kwenye gurudumu mnaanguka wote! Panda daladala.

Kijana Amani: Na wenye gari msimpakate mbele. Breki moja tu, anakuponyoka mikononi. Mchanga anataka kiti chake, nyuma, kinachotazama nyuma. Gari zetu nyingi za Japani mikanda ya nyuma ipo, imezama chini ya viti. Ifukueni.

Mama wa Fuoni: Nimeshapindua ndoo, na chupa za mafuta nimezipandisha juu ya kabati. Mkoani, hujatwambia, ule mkono ulipona?

Mkoani: Umepona. Kidole cha mwisho hakinyooki.